Fito za Kichaka cha Msalaba

Ukuta ulikauka wote isipokuwa mahali pamoja.

Eulalia aliukandika Jumatatu, na kwa jua la kwetu udongo uliopakwa asubuhi huwa mkavu kabla ya machweo. Alhamisi ikafika, na juu ya kitanda cha mtoto bado palikuwa na kiraka kibichi, ukubwa wa sinia. Akakipapasa. Kilikuwa na uvuguvugu, kama ubavu wa mbuzi aliyelala. Akanusa vidole vyake, vikanuka tumbaku. Akajiambia kwamba udongo ulikuwa mbaya, akafuta mkono kwenye aproni na kurudi kugeuza tortila zake, mikate ya mahindi.

Hakuwa mwanamke wa kuogopa ovyo. Kwa miaka sita alikuwa ameishi na binti yake, Chayo, katika kibanda cha mwisho cha kijiji cha El Retoño, akiwa na mbuzi kumi na tisa, kisima cha maji ya chumvichumvi, na hasira. Hasira hiyo ilikuwa kwa mumewe, Anselmo. Chayo alikuwa bado anatambaa Anselmo alipotoka asubuhi kufuata mbuzi, na mbuzi wakarudi peke yao. Siku ya tatu alikuja Fidencio, kofia mkononi. Fidencio ndiye aliyempakata Chayo siku ya ubatizo, na tangu hapo yeye na wazazi wa mtoto wakawa kompadre na komadre. Huku kwetu undugu huo unaupita wa tumbo moja. Ndugu wa damu unaweza kumkosea ukasamehewa, lakini kompadre hapana.

"Sitaki kukuambia, komadre," alisema siku ile, "ila nikinyamaza nitakuwa mnafiki. Nilimwona stesheni. Alipanda treni ya kaskazini na mwanamke mwenye shali ya kijani."

Eulalia hakulia. Aliitia kofia ya Anselmo motoni, akasimama pale mpaka ikaisha. Tangu siku hiyo hakuna kitu cha kijani kilichoingia nyumbani mwake, hata uzi. Na kila Pasaka Fidencio alileta mwanambuzi mmoja, zawadi ya binti yake wa ubatizo. Watu wakamsifu kwamba kompadre ni yule. Mimi pia nilimsifu, na leo naona haya kuyasema.

Sasa nizieleze fito za ukuta ule, maana mambo yote yalianzia hapo. Mwezi wa kwanza, upepo wa kaskazini uliangusha ukuta wa magharibi wa kile kibanda. Zamani fito hazikuwa taabu. Granheno iliota kila mahali, vichaka vya miiba vilivyosukana mpaka mbuzi anaingia na mbwa anakataa. Ndege hugombea matunda yake madogo ya rangi ya chungwa, na matawi yake yakikatwa vizuri yanashika udongo kuliko kitu kingine. Lakini msimu ule mwenye mashamba ya pamba alikuwa ameleta watu na sururu, wakang'oa granheno yote kuanzia barabarani hadi korongoni. Kilibaki kichaka kimoja tu, cha msalaba, kwa sababu wenye sururu walikuwa watu wetu na hapo hawakuthubutu.

Mtu akifia njiani, sisi humsimikia msalaba, na kila apitaye hutupa jiwe moja na kumwombea. Kinachoota hapo hakikatwi. Msalaba wa kichaka kile aliusimika Fidencio. Alisema alimkuta hapo mchuuzi mmoja aitwaye Nabor amekufa kwa kiu, akamzika pale pale, maskini ya Mungu, na akatuomba tusimsahau. Eulalia hakumsahau. Alipita hapo kila siku akipeleka mbuzi majini, na kila siku alitupa jiwe lake akisema, "Pumzika, Nabor."

Msalaba ulikuwa umeliwa na mchwa, umeanguka. Nyumbani mtoto alikuwa anakohoa kwenye upepo. Eulalia alisimama mbele ya lundo la mawe na panga lake, akasema, "Nabor, nisamehe, mwanangu anapigwa na baridi," akakata fito arobaini.

Ijumaa, kutoka kwenye kile kiraka kibichi, lilichipuka jani. Jumapili lilikuwa kitawi. Eulalia alikivunja akakitupa jikoni. Jumanne alimkuta Chayo ameketi kitandani anatafuna, midomo imekuwa ya chungwa.

"Nani kakupa?"

"Ukuta."

Ilikuwa mwezi wa pili. Hakuna granheno inayozaa mwezi wa pili. Eulalia alimfungua mtoto ngumi, akakuta punje nne zilizoiva, na juu ya kiganja vidonda vidogo viwiliviwili, jinsi miiba ya mti ule inavyokaa. Alimwosha kwa maji ya chumvi, akamkataza. Mtoto akaitikia vizuri kabisa, kisha akageukia ukuta na kupiga mluzi, miwili ya kupanda na mmoja wa kushuka.

Eulalia aliangusha bakuli. Mluzi ule ulikuwa wa Anselmo, wa kuitia mbuzi. Hakuwa ameusikia kwa miaka sita, na mtoto asingeweza kuukumbuka.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Si nimekwambia, mama. Anasema kifua chake kizito, hawezi kupiga kwa sauti, kwa hiyo nimsaidie."

Basi akamshuku Fidencio. Fidencio aliujua mluzi, walichunga pamoja tangu ujana. Alipopita siku hiyo kuleta unga, Eulalia alimkabili mlangoni.

"Kompadre, wewe ndiye unayemfundisha Chayo mluzi wa yule mtu?"

"Mluzi gani?"

Chayo akaupiga kutoka ndani. Fidencio aliweka gunia chini taratibu sana. Akatazama ukuta mpya, akatazama kitawi kilichochipuka tena pale pale, na rangi ikamtoka.

"Fito hizi umezitoa wapi, komadre?"

"Msalabani. Hapakubaki pengine."

"Nani kakupa ruhusa?" Hakuwahi kumsemesha hivyo. "Huko kumelala mtu. Bomoa leo, uchome zote, hata majani. Nakuja kukusaidia kesho alfajiri."

"Mtoto alale wapi, nje? Upepo haujaisha. Namwita mganga, Bi Tiburcia."

"Wa nini yule bibi na mayai yake? Tuchome tu, yaishe."

"Namwita. Na wewe ndiye baba wa ubatizo, mshumaa ni wako kuushika."

Fidencio akakubali. Baba wa ubatizo akikataa kushika mshumaa wa mtoto mgonjwa, hana tena pa kuweka uso wake El Retoño.

Siku tatu zilizongojewa mpaka Bi Tiburcia afike ndizo zilizomnyonya mtoto. Hakula tena maharagwe wala jibini. Alikonda mpaka mkufu wa ubatizo ukawa unazunguka shingoni. Wala halikuwa jambo la usiku. Usiku nyumba ilitulia. Ni mchana, jua likiwa la utosi, saa ile ambayo kwetu kila mtu amelala na hata kuku wamefumba macho chini ya toroli, ndipo ukuta ulipoanza. Eulalia alikuwa amejilaza chini kando ya kitanda, macho wazi, akaisikia harufu ya tumbaku na jasho la mbuzi ikijaa chumbani, kisha sauti ya mkwaruzo ndani ya udongo, si panya, kwa sababu panya hukwaruza akaacha, na hii ilikwenda polepole kutoka pembeni kuja juu ya kitanda, kama mtu aliyefunikwa anayetafuta kwa kucha mahali pa kutokea, ikafika kwenye kile kiraka kibichi ikatua, na katika kimya kilichofuata Chayo, akiwa usingizini, mdomo ukiwa umefunguka kidogo tu, akajibu kwa sauti ya mtoto mtiifu aliyeitwa na mkubwa wake, "Nakuja."

Neno hilo kwetu halisemwi hivihivi. Mtu akishtuka vibaya na roho yake ikabaki nje, mganga humfagia kwa majani na kuiita roho irudi: njoo, usibaki huko. Mgonjwa hujibu, nakuja. Ni neno la kurudi mwilini. Sasa Chayo alikuwa analijibu kwa mwingine, aliyekuwa anamwita upande wa pili.

Bi Tiburcia alifika juu ya punda, na jambo la kwanza aliomba kahawa.

"Na sukari, mwanangu. Shetani hawezi kukimbia kabla sijanywa kahawa, na akikimbia basi hukuwa na haja yangu." Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye mtoto wa jicho upande mmoja. Alikunywa, akaenda kuuinamia ukuta, akaunusa kwa muda mrefu. Aliporudi hakuwa na utani tena.

"Nani amelala pale mlipokata?"

"Mchuuzi," alisema Fidencio kutoka mlangoni. "Nabor. Nilimzika mwenyewe."

Wakaanza saa sita kamili. Fidencio alisimama mlangoni na mshumaa. Bi Tiburcia alimpitishia mtoto yai mwili mzima, linyonye ubaya, kisha akachukua kishada cha majani ya ruda na kumfagia kutoka kichwani hadi miguuni, akimwita Chayo kwa jina lake la ubatizo: "Rosario, njoo. Usibaki huko." Mtoto hakujibu. Yule bibi akaugeukia ukuta. "Nabor, umepewa jiwe, umepewa sala. Toka katika nyumba ya watu."

Chayo akacheka, macho yamefumbwa.

"Anauliza Nabor ni nani."

Bi Tiburcia alishusha mkono. "Nimepewa jina la uongo," alisema polepole. "Mtoto, anasema nini kingine?"

"Anasema kifua kinamuuma. Anasema mama anamtupia mawe kila siku."

Eulalia alishika ukingo wa kitanda.

"Na anasema baba wa ubatizo alikuwa anakata masikio ya wanambuzi. Wa kwetu wana mkato mmoja. Alikuwa anaongeza wa pili, wawe wake. Baba akamwona."

"Hayo ni ya shetani, komadre," alisema Fidencio. "Shetani ana ulimi. Usimsikilize."

Nta ilikuwa inamdondokea mkononi, imemfunika vidole, na hakuwa na habari. Eulalia alikuwa anaitazama nta ile. Alikuwa anakumbuka mwaka ule, jinsi wanambuzi walivyopungua na Anselmo akasema atalala huko mbugani ajue ni chui au ni mtu. Alikuwa anakumbuka zile zawadi za Pasaka, mmojammoja, zenye mikato miwili sikioni, na jinsi alivyombusu mkono mtu huyu kwa kila mmoja.

Ndipo mluzi ulipotoka ukutani wenyewe, dhaifu, wa mtu asiye na pumzi: miwili ya kupanda, mmoja wa kushuka. Nje, mbuzi waliokuwa wamelala kivulini wakainuka. Wengi walikuwa wamezaliwa baada ya Anselmo na walisimama tu wakishangaa, lakini Paloma, jike mzee kuliko wote, asiyeondoka kivulini hata kwa chumvi, alichechemea juani mpaka kwenye ukuta wa magharibi, akauegemeza uso wake pale na kutulia.

"Hili si jini," alisema Bi Tiburcia kwa sauti ya chini. "Jini halina kifua cha kuuma. Huyu ni mtu, na ni wa kwako."

"Ni mume wangu," alisema Eulalia. "Hakwenda popote. Nimemchukia miaka sita, naye alikuwa njiani pangu, na kila siku nimemwongezea jiwe."

"Nakuja, baba," alisema Chayo, na kifua chake kikashuka, kikakawia kupanda.

Yule bibi alimshika Eulalia bega kwa nguvu. "Utalia baadaye. Sikiliza. Hana ubaya na mtoto, ila maiti hajui kipimo. Amelala peke yake muda wote huo, sasa amemwona mwanawe. Unadhani atamwachia? Mgeni hutolewa na mwenye nyumba. Mwambie atoke, na umwambie aende wapi. Ukimtoa bila kumwonyesha pa kwenda, atarudi hapahapa."

"Nimtoe? Mimi tena?"

"Wewe. Au umzike huyu mdogo."

Eulalia aliweka kiganja chake kwenye kile kiraka. Kilikuwa cha moto, kikipanda na kushuka. Aliijua pumzi hiyo, maana alilala kando yake miaka minne kabla ya ule uongo.

"Anselmo," alisema. "Nilikuchoma kofia. Niliambiwa neno moja na mtu mmoja nikaliamini, sikuuliza hata stesheni. Sina uso wa kukuomba kitu. Lakini huyu niachie." Akamtazama mtoto, kisha ukuta. "Hapa si kwako tena. Toka."

Ukuta uliacha kupumua, kama mtu anayengoja kumaliziwa maneno.

"Umwambie wapi," alinong'ona Bi Tiburcia. "Mwambie kwa Mungu, mwanangu."

Eulalia aligeuza kichwa akamtazama Fidencio pale mlangoni.

"Nenda kwa kompadre wako," alisema. "Yeye ndiye aliyekulaza pale. Anaijua njia."

Mshumaa ulizimika bila upepo. Fidencio alitoka mbio katika jua lile, kofia yake ikabaki kwenye msumari. Chini ya kiganja cha Eulalia udongo ulipoa, ukakauka, ukapasuka mipasuko midogo. Kitawi kilinyauka wakikitazama. Bi Tiburcia akaokota kishada chake, akafagia na kuita, na safari hii sauti iliyojibu ilikuwa na usingizi na kero.

"Nakuja. Mama, nina njaa."

Jioni ile wanawake wawili walikwenda kwenye kichaka wakaondoa mawe. Yalikuwa mengi kiasi kwamba giza liliwakuta hawajafika chini. Kesho yake waliyamaliza, wakamkuta, na mkanda wake Eulalia aliujua kwa sababu aliushona mwenyewe. Mfupa wa kisogo ulikuwa na tundu. Serikali hawakuiita. Serikali kwetu huja inapotaka tuhame. Padri alikuja, akamzika upya makaburini na jina lake lote.

Wako wanaomlaumu Eulalia. Wanasema aliambiwa kwa Mungu akasema kwa Fidencio, na kwamba marehemu aliyesalitiwa mara moja hakustahili kutumwa kazi ya kisasi na mkewe. Nilimwuliza. Akanijibu kwamba kwa Mungu Anselmo angefika kwa miguu yake, yeye si mtu wa kupotea njia. Sikumwuliza tena.

Siku ya tisa baada ya maziko, mchana, Chayo akiwa amelala, mtu aligonga. Eulalia alifungua nusu. Alikuwa Fidencio, kichwa wazi, midomo imepasuka. Uso na mikono yake vilikuwa na vidonda viwiliviwili, vya jana na vya leo. Kucha zilijaa udongo.

"Komadre, maji."

Alimpa kata. Akanywa, nusu ikamwagika kifuani.

"Sina kuta za fito, unajua. Nyumba yangu ni ya mawe," alisema. "Inachipuka hivyo hivyo. Sakafuni. Kitandani. Kila mchana ananiita. Nimeshasema yote kwa padri, lakini marehemu hasikii. Wewe atakusikia, komadre. Kwa ajili ya mtoto niliyempakata. Mwambie Anselmo aniache."

Eulalia alipokea kata yake, akaikung'uta.

"Anselmo yupi, kompadre?" alisema bila kupandisha sauti, asimwamshe mtoto. "Anselmo alipanda treni ya kaskazini. Na mwanamke mwenye shali ya kijani. Si wewe mwenyewe uliyeniambia?"

Akafunga mlango, akateremsha komeo. Alibaki amesimama nyuma ya mlango akisikiliza. Hatua za Fidencio hazikuondoka mara moja. Kisha, kutoka upande wa kichaka cha msalaba, ukasikika mluzi, na sasa ulikuwa na pumzi tele, miwili ya kupanda na mmoja wa kushuka.

Na pale nje ya mlango, kwa sauti ya mtoto mtiifu, Fidencio akajibu, "Nakuja."